Nafasi Tupu Zinalipiwa: XSLT, Meseji za Kahawa na Kitochi cha Mkulima

Meseji moja ya simu inabeba baiti 140. Ukiandika kwa herufi za kawaida za GSM (mfumo wa simu za mkononi), ambazo kila moja inakula biti 7, unapata herufi 160. Ikiingia hata herufi moja iliyo nje ya orodha hiyo, meseji nzima inahamishiwa kwenye mfumo wa biti 16, na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ukizidisha hapo, meseji inakatwa vipande, na kila kipande kinabeba pungufu kidogo, herufi 153 au 67, kwa sababu sehemu yake inachukuliwa na maelezo ya kuunganisha vipande vyenyewe. Kila kipande kinalipiwa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niheshimu nafasi tupu. Nikisema nafasi tupu namaanisha vitu vinne ambavyo XML, mfumo wa kuandika data ndani ya alama zinazoitwa tegi, inavitambua hivyo: nafasi ya kawaida kati ya maneno, nafasi ndefu ya kitufe cha Tab, mstari mpya, na ile alama ya kurudi mwanzo wa mstari ambayo mafaili ya Windows huwa nayo. Havionekani kwenye skrini, lakini ni herufi kama herufi nyingine. Vinahesabiwa.

Kazi yangu hapa Moshi ni kutengeneza na kutunza programu ndogondogo za ofisi, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya vyama vya msingi vya kahawa vya huku juu mlimani, pande za Uru na Kibosho. Ushirika wa kahawa Kilimanjaro una mizizi mirefu. Wakulima walianza chama chao cha KNPA mwaka 1925, na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika, ikafuata mwaka 1933. Kwa hiyo unapokutana na mzee anayeuliza kwa nini malipo yake ya pili hayalingani na kilo alizopeleka, jua kwamba unaongea na mtu ambaye babu yake aliuliza swali hilohilo mbele ya dirisha la chama. Anastahili jibu linalosomeka.

Mtiririko wenyewe uko hivi. Karani anapima, anaingiza kilo kwenye programu ya uhasibu, na programu inatoa faili la XML. Kutoka kwenye faili hilo moja ninatoa vitu vitatu: meseji za wakulima, ukurasa wa jedwali ambao katibu anaufungua kwenye kompyuta ya ofisi, na faili jingine la XML la kupeleka benki. Kazi hiyo ya kugeuza naifanya kwa XSLT, lugha ambayo toleo lake la kwanza lilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 16 Novemba 1999, mhariri wake akiwa James Clark. Ni lugha ya zamani, na bado inafanya kazi yake vizuri.

Msimu mmoja katibu wa chama fulani alinipigia simu. Tulipomaliza shikamoo na habari za mvua, akasema: "Mwanangu, kuna mama hapa ofisini amepata meseji mbili za malipo. Anauliza kama amelipwa mara mbili."

Nikamwomba anisomee. Ya kwanza ilikuwa na namba ya mkulima, kilo na makato. Ya pili ilianza na tarakimu za mwisho za kiasi, kisha salamu za chama. "Mwambie mama amelipwa mara moja, mzee," nikamjibu. "Ni meseji moja imekatika." Simu ya mama yule ilikuwa kitochi cha siku nyingi, na vipande viliingia kila kimoja kivyake. Alikuwa ameacha shughuli zake, akashuka kwa miguu hadi ofisini kuulizia fedha yake mwenyewe.

Stailishiti, yaani faili la maelekezo ya XSLT, iliyotoa meseji zile nilikuwa nimeikuta, imeandikwa na fundi aliyenitangulia. Nilipoifungua nilikuta kitu cha namna hii (nimekifupisha, na namba nimezitunga):

```xml
<xsl:template match="mkulima">
  Mkulima <xsl:value-of select="namba"/>,
  kilo <xsl:value-of select="kilo"/>,
  malipo Sh <xsl:value-of select="kiasi"/>
</xsl:template>
```

Na data yenyewe ilikuwa hivi:

```xml
<malipo>
  <mkulima>
    <namba>K-114</namba>
    <kilo>84</kilo>
    <kiasi>403200</kiasi>
  </mkulima>
  <mkulima>
    ...
  </mkulima>
</malipo>
```

Kwa macho, templeti ile, yaani kipande cha maelekezo kwa kila mkulima, ni safi. Imepangwa kwa ngazi, inasomeka, mtu yeyote ataielewa. Sasa itazame kama prosesa, programu inayoendesha XSLT, inavyoitazama. Kabla ya kuanza kazi, prosesa inapitia stailishiti na kutupa kila nodi ya maandishi, yaani kipande cha maandishi kati ya tegi na tegi, ambayo ndani yake hamna kitu isipokuwa nafasi tupu. Lakini nodi ikiwa na herufi hata moja inayoonekana, inabaki nzima, pamoja na kila nafasi iliyoizunguka. Hii ndiyo kanuni ninayotamani kila anayegusa XSLT aijue kabla ya kujua nyingine yoyote.

Kwa kanuni hiyo, nodi ya kwanza ndani ya templeti ile ni mstari mpya, nafasi mbili, neno "Mkulima" na nafasi moja. Kwa kuwa ina neno, yote inapita. Nodi ya pili ni mkato, mstari mpya, nafasi mbili, "kilo" na nafasi. Inapita. Ya tatu vivyo hivyo. Ya nne, ule mstari mpya ulio kati ya `value-of` ya mwisho na tegi ya kufunga templeti, haina neno lolote, kwa hiyo inatupwa. Matokeo yake, meseji inaanza na mstari mtupu ambao hakuna aliyeuomba, ina mapengo katikati, na mwishoni pale ambapo ungetaka mstari mpya ili kuitenga na meseji inayofuata, haupo.

Ukihesabu, mwanzo na katikati kuna herufi 9 za nafasi tupu mahali ambapo 2 zingetosha. Ongeza na zile zinazotoka upande wa data, ambazo nitazifikia, unapata kama herufi 10 za bure katika kila meseji. Na hapo templeti ni fupi. Ile halisi ilikuwa na `xsl:choose` ndani ya `xsl:for-each`, maandishi yamesukumwa ndani nafasi 12, na makato ya pembejeo, mkopo na dawa kila moja kwenye mstari wake. Hivyo ndivyo meseji iliyoandikwa kwa herufi mia na kidogo ilivyovuka 160.

Dawa yake ni kufunga kila neno linalokwenda kwa msomaji ndani ya `xsl:text`, na kuacha mpangilio wa ngazi uwe wa fundi peke yake:

```xml
<xsl:output method="text" encoding="UTF-8"/>
<xsl:strip-space elements="*"/>

<xsl:template match="mkulima">
  <xsl:text>Mkulima </xsl:text>
  <xsl:value-of select="normalize-space(namba)"/>
  <xsl:text>, kilo </xsl:text>
  <xsl:value-of select="normalize-space(kilo)"/>
  <xsl:text>, malipo Sh </xsl:text>
  <xsl:value-of select="format-number(kiasi, '#,##0')"/>
  <xsl:text>&#10;</xsl:text>
</xsl:template>
```

Templeti imerefuka, najua, na wapo wanaoona `xsl:text` inachosha macho. Mimi naona ni uaminifu. Kila herufi itakayofika kwenye simu ya mkulima imeandikwa wazi, hata ule mstari mpya wa mwisho, `&#10;`, una tegi yake, maana ndani ya `xsl:text` nafasi tupu hazitupwi. Kinachobaki nje ya tegi hizo ni nafasi tupu peke yake, na prosesa itazitupa zote. Unaweza kusogeza mistari unavyotaka, ukabadilisha kihariri, ukapanga upya faili zima, na meseji haitabadilika hata kwa herufi moja.

Sasa upande wa data. Hapa kanuni ni kinyume, na ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Kwenye stailishiti nafasi tupu zinatupwa zenyewe. Kwenye faili la data zinahifadhiwa mpaka useme zitupwe. Kati ya `</mkulima>` na `<mkulima>` inayofuata kuna mstari mpya na nafasi mbili. Ile ni nodi ya maandishi kamili. Ukiandika `<xsl:apply-templates/>` bila kuchagua kitu, inaingia kwenye foleni pamoja na wakulima, na kwa kuwa hujaiandikia templeti, inashughulikiwa na templeti ya asili ya XSLT, ambayo inanakili maandishi yote kwenda kwenye matokeo. Hapo ndipo zilikotoka zile herufi tatu zaidi.

`<xsl:strip-space elements="*"/>` inaziondoa kabla kazi haijaanza. Ila usidhani inagusa maandishi yenyewe. Karani akiingiza namba kama `<namba> K-114 </namba>`, nafasi zile mbili za pembeni zinabaki, maana nodi ile ina maneno. Hizo ni kazi ya `normalize-space()`, ambayo inakata za mwanzoni na mwishoni na kubana za katikati zibaki moja moja.

Nodi hizi zina madhara mengine ambayo hayahusiani na urefu wa meseji, na nimeyaona yakimsumbua fundi mwenzangu siku nzima. Kwenye ukurasa wa katibu tunataka jedwali lenye mistari ya rangi mbili kwa kupokezana, ili jicho lisipotee kati ya jina na kiasi. Njia ya kawaida ni kuuliza `position() mod 2`, yaani kama namba ya mkulima kwenye foleni ni shufwa au witiri. Alipoiendesha, jedwali zima likawa rangi moja. Akadhani CSS, lugha ya kupamba ukurasa, imekataa, akahangaika nayo. Kumbe nafasi tupu zilikuwa zinahesabiwa: ya kwanza kwenye foleni ilikuwa nodi tupu, mkulima wa kwanza akawa wa 2, kisha nodi tupu nyingine, mkulima wa pili akawa wa 4, halafu 6, halafu 8. Wote shufwa. Na `last()`, namba ya wa mwisho kwenye foleni, nayo inaharibika kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo mkato uliokusudiwa kukosekana baada ya jina la mwisho unabaki unaning'inia. Ukiweka `strip-space`, au ukiandika `<xsl:apply-templates select="mkulima"/>`, wakulima wanahesabiwa 1, 2, 3 kama inavyotakiwa. Mimi naweka vyote viwili.

Lakini `strip-space` ya nyota ina hatari yake, na hatari hiyo iko kwenye maandishi ya watu. Vyama hivi huhifadhi pia mihtasari ya vikao, na ndani ya muhtasari maneno na tegi vinachanganyika:

```xml
<aya>Kikao cha <tarehe>12 Agosti</tarehe> <mahali>Uru</mahali> kiliamua...</aya>
```

Kati ya `tarehe` na `mahali` kuna nafasi moja tu, na iko peke yake, kwa hiyo ni nodi tupu. Itatupwa. Mwanachama atasoma "12 AgostiUru". Hapo nafasi ni sehemu ya sentensi, na mwandishi wa muhtasari aliiweka kwa makusudi. Ongeza `<xsl:preserve-space elements="aya"/>` na tatizo limekwisha, kwa sababu elementi (tegi pamoja na kilichomo ndani yake) iliyotajwa kwa jina ina nguvu kuliko nyota. Ndiyo maana huwa namuuliza kwanza aliyetengeneza data: ni elementi zipi zina sentensi ndani, na ni zipi ni masanduku ya kubebea elementi nyingine? Bila jibu hilo, kuweka nyota ni kubahatisha kwenye maneno ya mtu mwingine.

Kuna nafasi moja ambayo hakuna kanuni yoyote kati ya hizi inayoigusa, nayo ni nafasi isiyokatika, herufi namba 160 ya Unicode. Kwa macho ni nafasi. Kwa XML ni herufi kamili: `strip-space` haiioni, `normalize-space()` inaipita. Inaingia kwa urahisi sana, hasa pale mtu anaponakili orodha ya makato kutoka kwenye ukurasa wa wavuti au waraka wa Word. (Kwenye stailishiti, ukiihitaji, andika `&#160;`. Ile `&nbsp;` ya HTML haijulikani kwenye XML, ambayo ina majina matano tu ya kuzaliwa nayo: `lt`, `gt`, `amp`, `quot` na `apos`.)

Na nafasi hiyo haimo kwenye orodha ya herufi za GSM. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo uone maana yake. Ikipita moja tu, na mtambo wa kutuma meseji usipoibadilisha, meseji ya herufi 120 iliyokuwa inatosha kabisa inakuwa vipande viwili.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna herufi nyingine ya kuiangalia zaidi ya hiyo. Ni kile kikato cha juu cha ng'. Ukikiandika wima, ' ya kawaida, kimo kwenye GSM. Word ikikipindisha kuwa ’, hakimo. Mlimani hapa ng'ombe wanafugwa zizini nyuma ya nyumba, na makato ya dawa ya ng'ombe ni mstari wa kawaida kabisa kwenye malipo ya kahawa. Mtu mmoja akiiandika orodha ya makato kwenye Word mwanzoni mwa msimu, kila mkulima aliyechukua dawa ya ng’ombe anapata meseji iliyokatika, na jirani yake aliyechukua mbolea anapata meseji nzima. Ukiulizwa kwa nini, utatafuta kila mahali kabla ya kufikiria kikato.

Kwa hiyo maelezo ya makato huwa nayapitisha hapa:

```xml
<xsl:value-of select="normalize-space(
  translate(maelezo, '&#8217;&#160;', &quot;' &quot;))"/>
```

`translate` inabadilisha herufi kwa herufi: kikato kilichopinda kinakuwa cha wima, nafasi isiyokatika inakuwa nafasi ya kawaida. Baada ya hapo `normalize-space` inafanya kazi yake.

Jinsi ya kuziona sasa, maana huwezi kurekebisha usichokiona. Kwenye Linux, ambako prosesa yangu ni `xsltproc`, natumia amri hii:

```
xsltproc meseji.xsl malipo.xml | cat -A
```

`cat -A` inaweka alama ya `$` kila mwisho wa mstari, inaonyesha Tab kama `^I`, nafasi isiyokatika kama `M-BM-` ikifuatwa na nafasi, na kikato kilichopinda kama `M-bM-^@M-^Y`. Hapo hakuna cha kujificha. Ukiona `$` peke yake kwenye mstari, kuna mstari mtupu. Ukiona nafasi kabla ya `$`, kuna mabaki mwishoni. Nashauri kuifanya hii kabla ya kugusa kitu chochote kwenye stailishiti, kwa sababu ukishajua nafasi iko wapi, swali linabaki moja: imetoka kwenye data, kwenye stailishiti, au imeongezwa wakati wa kuandika matokeo?

Hilo la tatu ndilo eneo la `xsl:output`. XSLT haitoi maandishi moja kwa moja. Inajenga mti wa nodi, na kuugeuza mti huo kuwa faili ni hatua ya pekee inayokuja mwisho. Kahawa ni ileile, unachagua gunia. `method="text"` inatoa maandishi matupu: hakuna tegi, na alama ya `&` inatoka kama `&`, haigeuzwi kuwa `&amp;`. `method="html"` inajua kwamba `br` na `img` havifungwi, kwamba yaliyomo ndani ya `script` yasiguswe, na inaongeza yenyewe tegi ya `meta` inayotaja usimbaji (namna herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti) ndani ya `head`. `method="xml"` inafunga kila kitu na kuweka tamko la XML juu. Usipochagua, prosesa inaangalia elementi ya kwanza: ikiwa ni `html` isiyo na nemspesi (jina la familia ya tegi) inachukua njia ya HTML, vinginevyo XML. Mimi nachagua kila mara, hata pale ambapo chaguo la asili ni lilelile, ili anayekuja baada yangu asilazimike kukisia.

Kosa la kawaida hapa ni kutoa meseji kwa `method="xml"` kwa sababu tu hakuna aliyeandika `xsl:output`. Mkulima anapokea meseji inayoanza na `<?xml version="1.0"?>`, na hizo ni herufi 21 kabla ya salamu.

Halafu `indent="yes"`. Inapendwa na kila mtu kwa sababu faili linapendeza, na kwa faili la kusoma kwa macho sina ubishi nayo. Kwenye `xsltproc` inapanga kwa nafasi mbili kila ngazi, Saxon, prosesa nyingine, kwa tatu. Mara nyingi mtu anaiweka na hakuna kinachobadilika, au sehemu inapangwa na sehemu inabaki mstari mmoja mrefu. Sababu ni nafasi tupu zilizobebwa kutoka kwenye data: programu ikiona maandishi ndani ya elementi, hata kama ni nafasi tupu, inaogopa kuongeza yake isije ikaharibu maudhui. Tupa kwanza za zamani kwa `strip-space`, ndipo `indent` ipate uhuru wa kupanga.

Kwa faili la benki siiweki kabisa. Faili lile linatiwa saini ya kidijitali, na saini ya XML inahesabu nafasi zilizo kati ya elementi kama sehemu ya waraka. Akitokea mtu akalifungua faili lililokwisha kutiwa saini, akalipanga kwa ngazi ili alisome vizuri, kisha akalihifadhi, saini inakataa. Hakuna shilingi iliyobadilika ndani yake, ila malipo ya chama kizima yanasimama. Ukitaka kulisoma, lipange kwenye nakala.

Jambo jingine la faili la benki: tamko la XML lazima liwe kitu cha kwanza kabisa. Mstari mtupu mmoja juu ya `<?xml` unatosha kulifanya faili zima likataliwe. Na usimbaji unaotajwa kwenye tamko lazima ulingane na baiti zilizomo. Kwenye .NET, jukwaa la programu la Microsoft, kwa mfano, ukikusanya matokeo kwenye `StringWriter` tamko linasema UTF-16, kisha ukihifadhi kama UTF-8 umetengeneza faili linalojipinga lenyewe.

Sitakaa sana kwenye `disable-output-escaping`. Ni ile atributi inayoiambia prosesa isigeuze `<` kuwa `&lt;`, na watu wanaitumia kupenyeza tegi kama maandishi. XSLT 2.0 ya mwaka 2007 iliiweka kando na kuleta `xsl:character-map` badala yake. Kwa miaka mingi Firefox haikuitii, kwa kuwa ilichukua mti wenyewe bila kuuandika kwanza kuwa maandishi. Naiheshimu sababu hiyo. Ukijikuta unaihitaji, karibu kila mara kuna elementi ambayo ungeijenga kwa njia ya kawaida.

Najua pia kwamba mwaka 2025 watengenezaji wa Chrome walitangaza mpango wa kuiondoa XSLT kwenye kivinjari chao, na wapo walioniuliza kama kazi hii ina maisha. Kwenye vyama ninavyohudumia, kugeuza kunafanyika kwenye seva, kwa `xsltproc`, na kinachofika kwa katibu ni HTML ya kawaida. Kivinjari chake hakijui hata kama XSLT ilihusika. Aliyeweka stailishiti zifanye kazi ndani ya kivinjari ndiye anayetakiwa kuanza kuhama sasa.

Kwa stailishiti za meseji, nimeweka ulinzi mmoja ambao naupendekeza kwa yeyote anayetuma meseji kwa wingi. Meseji haiandikwi moja kwa moja kwenye matokeo. Inajengwa kwanza ndani ya kigezo, inapimwa, ndipo inatoka:

```xml
<xsl:variable name="meseji">
  <xsl:call-template name="jenga-meseji"/>
</xsl:variable>
<xsl:if test="string-length($meseji) &gt; 160">
  <xsl:message terminate="yes">
    <xsl:text>Meseji ndefu: </xsl:text>
    <xsl:value-of select="namba"/>
  </xsl:message>
</xsl:if>
<xsl:value-of select="$meseji"/>
<xsl:text>&#10;</xsl:text>
```

Ikizidi 160, kazi yote inasimama na namba ya mkulima inaonekana kwenye skrini ya karani, kabla meseji hata moja haijaondoka. Kumbuka tu kwamba `string-length` inahesabu herufi za Unicode, wakati kwenye GSM mabano ya mraba, mabano ya mawimbi na alama ya yuro zinahesabiwa mbili mbili, kwa hiyo kwenye templeti za meseji alama hizo sizitumii. Kila mwanzo wa msimu tunaiendesha na faili la majaribio lenye namba ndefu kuliko zote, kiasi kikubwa kuliko vyote, na mkulima mmoja aliyechukua kila aina ya makato, dawa ya ng'ombe ikiwemo, mara moja kwa kikato cha wima na mara moja kwa kilichopinda.